Krapf, mkusanya maneno aliyekuja kutafuta watu wengine

KWA miaka kadhaa nilifanya kazi ya ukalimani kwa njia ya simu. Mimi nimekaa Mombasa, anayehojiwa yuko Ulaya, na anayehoji yuko naye chumba kimoja. Kazi yenyewe si ngumu mradi mtu awe na masikio. Lakini kuna siku moja ambayo mpaka leo hainitoki.

Aliyehojiwa siku hiyo alikuwa mama wa makamo kutoka Koyama, kisiwa kimoja kati ya vile vya Bajuni vinavyoshuka kusini ya Kismayo kuelekea Ras Kiamboni. Alikuwa anaomba hifadhi. Swali la pili au la tatu lilikuwa jepesi: unasema lugha gani? Akajibu kwamba anasema Kibajuni. Mimi, nikidhani namsaidia mwulizaji ambaye huenda hajapata kulisikia jina hilo, nikatafsiri kwamba mama huyu anasema Kiswahili cha Kibajuni. Neno moja tu niliongeza. Katika karatasi likaandikwa Kiswahili, na barua ya kumkataa ilipokuja baada ya miezi, sababu mojawapo ilikuwa hiyo: Kiswahili ni lugha ya Kenya, na Msomali ambaye hajui Kisomali si Msomali.

Ndugu msomaji, si lazima uwe mtaalamu wa lugha kujua kosa liko wapi. Bajuni wa visiwani, hasa kina mama na wazee waliozaliwa Chovai, Chula au Koyama, wengi walikua bila kukihitaji Kisomali. Maneno yao ni ya baharini na nyumbani. Wanapokwambia mtu, watasema mchu. Njia ni ndia, na maji ni mai kama asemavyo jirani yao wa Lamu. Wataalamu huiweka lugha hii katika lahaja za Kiswahili, na mimi sibishani nao. Ila mama yule hakuulizwa lugha yake iko tawi gani. Aliulizwa anasema nini, akajibu.

Toka siku hiyo nikaanza kumsoma kwa makini mtu ambaye hapo awali nilimjua kwa ukumbusho tu, ule ulioko upande wa bara, Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Namzungumzia Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, mmisionari, na mmoja wa watu wa kwanza kuziweka lugha zetu safu kwa safu katika kitabu kimoja. Nilitaka kujua yeye alifanyaje alipokutana na swali lile lile nililolikosea mimi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nyumba ya mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala mgonjwa nusu mwaka. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma Agano la Kale. Baadaye, akiwa shuleni, baba yake alimnunulia ramani, na kijana akaikodolea macho Afrika ya Mashariki. Alichokiona ni nafasi tupu. Katika sehemu zilizoandikwa Adal na Marehan hapakuwa na majina ya miji ila machache sana, naye akaingiwa na shauku ya kujua kama kweli huko ni jangwa lisilo na watu.

Marehan! Mtu wa Kismayo akisoma habari hii lazima acheke. Marehani ni ukoo wa Kisomali ambao watu wa Juba wanaufahamu vizuri, na katika vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Somalia Januari 1991, jina hilo lilitajwa Kismayo asubuhi na jioni. Kwa mtoto wa Derendingen lilikuwa maandishi tu juu ya karatasi nyeupe.

Alisomea kazi ya misheni mjini Basel, akaacha kwa muda kwa kuingiwa na mashaka, akasoma theolojia Tübingen, na akapoteza kazi ya kanisa kwa mahubiri yake juu ya mwisho wa dunia. Mwaka 1837 alipelekwa Ethiopia na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Huko Tigrai alifukuzwa mwaka uliofuata, akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie. Hapo ndipo alipokutana na watu ambao walimshika moyo hadi kufa, yaani Waoromo.

Nasema Waoromo, lakini wakati ule Waabeshi, Wasomali na watu wa pwani wote waliwaita Wagalla, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Krapf alijua. Katika maandishi yake alieleza kwamba watu hawa hujiita Orma, hata akapendekeza nchi yao iitwe Ormania. Hata hivyo, alipochapa vitabu, juu ya jalada aliandika Kigalla. Nilipoona hivyo nilinyamaza kidogo. Alilijua jina la kweli, akachagua lile ambalo mnunuzi wa kitabu angelitambua.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Walipojaribu kurudi Shoa mwaka 1843, njia ilikuwa imefungwa. Huko jangwani mkewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto hakukaa. Walimpa jina Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari. Baada ya mlango wa kaskazini kufungwa, Krapf alifikiri kama baharia: kama huwezi kuingia kwa mbele, zunguka. Alijua kwamba Waoromo wameenea kusini hadi mito ya Juba na Tana. Basi angewafikia kupitia pwani ya Waswahili.

Mwishoni mwa mwaka 1843 walipanda chombo cha Waarabu huko Aden na kushuka na kaskazi. Njia hiyo wazee wetu waliijua kama kiganja cha mkono: Mogadishu, Merka, Barawa, Kismayo, kisha visiwa vyetu vikiwa upande wa kulia, hadi Lamu. Jambo la ajabu ni kwamba hao Waoromo aliokuwa akiwafuata ndio wale wale ambao, kwa masimulizi ya Bajuni, waliwasukuma wazee wetu kutoka bara na kuwafanya wahamie visiwani. Nyumbani kwetu Wagalla ni watu wa hadithi za kutisha watoto. Kwake walikuwa ndio ufunguo wa Afrika nzima.

Alifika Unguja Januari 1844, akaonana na Sayyid Said, akapewa barua ya kumruhusu kukaa pwani, na miezi michache baadaye akahamia Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua tena mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili, mama kwanza kisha mtoto. Rosine mwenyewe alitaka azikwe upande wa bara ili wapitao walione kaburi lake. Liko mpaka leo, si mbali na ule ukumbusho.

Mtu mwingine angepanda chombo akarudi kwao. Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea. Kadhi mmoja wa Mombasa alimsaidia, jambo ambalo watu wa siku hizi hulisahau, kwamba Biblia ya kwanza ya Kiswahili ilianzwa kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu. Sura za kwanza za kazi hiyo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Krapf aliamua kuandika kwa herufi za Kirumi, wakati wenyeji walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu karne nyingi. Alikuwa na sababu zake za sauti na tahajia, lakini pia hakutaka Uislamu upate nguvu kupitia maandishi. Hilo halifichiki.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Waongofu walihesabika kwa vidole. Maneno ndiyo yaliyoongezeka. Mwaka 1850 kikachapwa Tübingen kitabu chake cha msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na hicho alichokiita Kigalla. Neno moja la Kiingereza, kisha lugha sita mbavuni mwake. Nikikitazama kitabu hiki naona kazi yangu mwenyewe, isipokuwa kwamba yeye hakuwa na simu, wala kamusi ya kutangulia.

Tazama lakini hayo majina. Kinika ni lugha ya Wanika, nalo jina lenyewe ni la kuitwa na watu wa mjini, maana yake watu wa nyika, washenzi wa porini. Wenyewe walikuwa Warabai, Wagiriama, Waduruma, Wadigo na wenzao. Ilichukua karibu karne nzima kabla hawajakubaliana, katika miaka ya 1940, kujiita Mijikenda. Jina la dharau likishapigwa chapa huwa gumu kung'oka. Sisi Bajuni nasi tunayo yetu. Lamu walituita Wagunya, jina ambalo wengi wetu hatulipendi. Vitabu vya wataalamu vinatuita Watikuu, yaani watu wa nchi kuu, na lugha yetu Kitikuu. Karatasi za wakimbizi zinasema Bajuni. Mtu mmoja, majina matatu, na kila afisa analo lake mkononi.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya wanyonge tu. Wakorea wana viwanda na meli, lakini hakuna kati yao anayejiita Mkorea akiwa kwao. Jina hilo la nje limetoka katika ufalme wa Koryo uliotawala tangu mwaka 918 hadi 1392. Watu wa Kusini huita nchi yao Hanguk na lugha yao hangugeo. Wale wa Kaskazini huita nchi yao Choson, na lugha ile ile wakaiita chosonmal. Mkalimani akikaa kati ya mtu wa Seoul na wa Pyongyang, kabla hajatafsiri sentensi ya kwanza, neno Kikorea lenyewe limeshamtia majaribuni. Kiswahili chetu hupita juu ya yote hayo: Korea, Mkorea, Kikorea, basi. Ni rahisi kwa msemaji, na kwa gazeti pia.

Nirudi kwa Krapf. Safari zake za bara zinajulikana, kwa hiyo sitazirefusha. Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba, aliuona mlima wenye theluji. Wakikuyu huuita Kirinyaga, Wakamba wakautamka kwa namna yao, na jinsi Krapf alivyolisikia na kuliandika ndiyo leo jina la nchi ya Kenya. Sikio la mgeni mmoja, kinywa cha Mkamba, na watu mamilioni wakapata uraia wa neno hilo. Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, Krapf akakimbia peke yake. Alibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, na alitoroka usiku kwa usiku.

Afya ilimshinda, akaondoka mwaka 1853. Mwaka uliofuata akachapa msamiati wa Wakwavi, jamaa za Wamasai, alioupata kutoka kinywani mwa kijana mmoja aliyekuwa mtumwa. Tungo za kale za Kiswahili alizozikusanya alizipeleka Ujerumani, zikahifadhiwa Halle. Alirudi pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe. Mwaka 1867 jeshi la Waingereza lilipokwenda kumpiga Mfalme Tewodros, lilimchukua Krapf kama mkalimani. Alikuwa na umri wa miaka 57. Hali ya hewa ilimrudisha nyumbani kabla vita havijaisha. Sijui kama kuna kazi ya ukalimani nzito kuliko hiyo, kusimama kati ya jeshi na nchi iliyowahi kukufukuza.

Waoromo hakuwafikia kamwe kwa namna aliyoikusudia. Zaidi ya miaka thelathini aliyoitumia katika maneno ya Waswahili ilianza kama njia ya kupita tu. Na hata Kiswahili alichokipenda, cha Mvita, hakikushinda. Askofu Steere alitoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870, na baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja ndicho kilichofanywa sanifu. Katika kamusi yake Krapf alikuwa ameonyesha neno hili ni la Mvita, lile ni la Unguja, lile la Wanika. Hakukubali kuyachanganya katika gunia moja. Hapo ndipo aliponizidi.

Nilimwandikia wakili wa yule mama kueleza kwamba neno Kiswahili lilitoka kwangu, si kwake. Rufani ikasikilizwa, safari hii kwa mkalimani mwingine, Bajuni mwenzake, na neno Kibajuni likaandikwa kama lilivyo.

Krapf alifia Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata.