Kim Perrot, mfupi wa Houston aliyefariki kabla ya kikombe cha tatu

Tarehe 19 mwezi wa nane mwaka 1999, katika hospitali ya kansa ya M.D. Anderson mjini Houston, Marekani, Kim Perrot alifariki akiwa na umri wa miaka 32. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye nguvu zake zote, akikimbia uwanja mzima na kuwapokonya mpira wachezaji waliomzidi kimo kwa kichwa kizima. Alikuwa amechukua ubingwa mara mbili na timu ya Houston Comets. Kesho yake, wenzake walikuwa na mechi dhidi ya Los Angeles Sparks, timu ya binti wa Kinshasa, Mwadi Mabika. Kifo hakikusimamisha kalenda.

Kim alizaliwa tarehe 18 mwezi wa kwanza mwaka 1967 mjini Lafayette, katika jimbo la Louisiana. Huko ni sehemu ya Marekani ambako Kifaransa kiliingia zamani na mpaka leo kimebaki katika majina ya watu na ya miji, na jina la Perrot ni moja kati ya hayo. Hakwenda mbali kutafuta masomo. Alibaki mjini mwake, kwenye chuo kikuu kilichoitwa wakati ule Southwestern Louisiana, chuo ambacho hakikuwa na sifa kubwa katika basketi ya wanawake.

Kimo chake kilikuwa mita 1 na sentimita 65. Kwa mtu anayepita barabarani si mfupi sana, lakini katika basketi huo ni urefu wa kuchekwa. Kim alijibu kwa mbio na kwa mikono. Mwaka wa 1990, katika mechi moja ya chuo, alitia pointi 58 peke yake. Kuna timu nzima ambazo hutoka uwanjani bila kufikisha pointi hizo. Msimu huo alikuwa wa kwanza kwa wastani wa pointi kati ya wanawake wote wa vyuo vya daraja la kwanza Marekani, karibu pointi 30 kwa kila mechi.

Halafu akamaliza masomo, na mlango ukafungwa. Mwaka wa 1990 mwanaume mwenye kipaji kama kile angeitwa na timu za NBA na kuwa tajiri kabla ya kufikisha miaka 25. Mwanamke hakuwa na ligi ya kulipwa ya kumpokea katika nchi yake. Waliotaka kula kwa kazi ya basketi walipaswa kuvuka bahari. Kim alivuka. Alicheza Sweden, Ujerumani, Israeli na Ufaransa, miaka ikapita, na Wamarekani wengi walioshabikia basketi hawakujua hata kama bado anacheza. Hakuwa peke yake katika maisha hayo. Cynthia Cooper, ambaye baadaye angekuwa rafiki yake mkubwa, naye alimaliza miaka yake mizuri Hispania na Italia kwa sababu hiyohiyo.

Ligi ya WNBA ilipoanza mwezi wa sita mwaka 1997, Kim alikuwa na miaka 30, umri ambao wachezaji wengi huanza kufikiria kuacha. Wakati timu zilipogawana wachezaji, hakuna iliyomchagua. Alifika Houston kama mtu wa kujaribiwa, bila ahadi ya nafasi. Kocha Van Chancellor alikuwa na majina makubwa mkononi: Cooper, kisha Sheryl Swoopes ambaye alikuwa mjamzito na alijifungua mwezi huohuo wa ufunguzi, na kijana Tina Thompson, wa kwanza kuchaguliwa kati ya wasichana waliotoka vyuoni mwaka ule. Kilichokosekana ni mtu wa kuendesha mchezo, kuleta mpira mbele na kuwagawia wenye majina. Kim alipata nafasi, akaishika, na haikupita muda akawa kati ya watano wanaoanza.

Kazi hiyo haionekani vizuri kwenye karatasi ya matokeo. Msichana aliyetia pointi 58 chuoni sasa aliridhika na pointi chache, akatafutia wengine. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo, pengine kuliko katika zile 58. Wapo wachezaji wengi wanaojua kufunga. Wanaokubali kupunguza sifa yao ili wenzao wafunge ni wachache, hasa baada ya kusubiri miaka saba ili waonekane nyumbani. Katika ulinzi hakupunguza kitu. Alimganda mwendesha mchezo wa timu nyingine tangu mpira unapoingizwa.

Tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 1997, Comets waliwashinda New York Liberty 65 kwa 51 na kuchukua kikombe cha kwanza cha historia ya ligi hiyo. Mwaka uliofuata walicheza mechi 30 za msimu wa kawaida na kupoteza 3 tu. Lakini fainali dhidi ya Phoenix Mercury iliwatoa jasho. Walipoteza mechi ya kwanza 54 kwa 51. Katika mechi ya pili, Houston, walikuwa nyuma kwa pointi 12 zikiwa zimebaki dakika kama saba, na kupoteza siku hiyo kulikuwa kupoteza kila kitu. Ni Kim aliyekuwa kati ya walioamsha timu, akiwasumbua Phoenix kila walipotaka kupanga mchezo. Mechi ilifika dakika za nyongeza, Comets wakashinda 74 kwa 69. Siku chache baadaye wakamaliza kazi kwa 80 kwa 71.

Mwezi wa pili mwaka 1999, madaktari walimgundulia kansa ya mapafu ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye ubongo. Alipasuliwa kichwa ili kutoa uvimbe. Mwezi huohuo Cynthia Cooper alimpoteza mama yake mzazi kwa kansa ya matiti, na kabla machozi hayajakauka akajikuta anamsindikiza rafiki yake kwenye njia ileile.

Baada ya upasuaji Kim alichagua kutofuata matibabu ya dawa kali ambazo hospitali hutumia kwa kansa, akatafuta njia nyingine za kujitibu, mpaka akaenda Tijuana, Mexico, ambako kuna kliniki zinazovuta wagonjwa wa aina yake. Uamuzi huo ulizungumzwa sana Marekani. Ugonjwa ulipogunduliwa ulikuwa umekwisha kusambaa, na katika hali hiyo hata dawa za hospitali mara nyingi huongeza muda kuliko kuponya. Familia nyingi za kwetu zinajua vizuri mkutano wa usiku ambapo mgonjwa, ndugu na marafiki hujadili wafuate daktari au wajaribu kwingine, na hakuna anayetoka pale akiwa na uhakika. Katikati ya mwezi wa nane hali ilikuwa mbaya, akarudishwa Houston.

Katika miezi hiyo alikuwa ameanza kazi nyingine. Hospitalini aliwaona vijana wenye kansa wakikaa siku nzima bila la kufanya, akataka watengewe mahali pao pa kucheza na kusahau vitanda kidogo. Mahali hapo palipatikana ndani ya M.D. Anderson na pakapewa jina lake.

Comets walicheza msimu wa 1999 Sonja Henning akiwa katika nafasi ya Kim. Walishinda mechi 26 kati ya 32. Baada ya mazishi walikutana na Los Angeles ya Mabika katika nusu fainali na kupita kwa taabu, mechi mbili kwa moja. Fainali ilikuwa tena na New York. Watu wa Houston walijaa uwanjani wakiimba kutaka kikombe cha tatu kiwe cha Kim. Comets walishinda mechi ya kwanza. Katika ya pili walikuwa mbele, sekunde zikiwa zimekwisha karibu zote, vipande vya karatasi za sherehe vikianza kudondoka kutoka juu, ndipo Teresa Weatherspoon wa New York akarusha mpira kutoka karibu na katikati ya uwanja, ukaingia. 68 kwa 67. Uwanja mzima ulinyamaza.

Timu isiyo na msiba ingeweza kuvunjika usiku ule. Kesho yake, tarehe 5 mwezi wa tisa, Comets waliwafunga New York 59 kwa 47 na kubeba kikombe, siku 17 baada ya kumpoteza mwenzao. Namba 10 aliyoivaa Kim ilistaafishwa, ya kwanza kustaafishwa katika historia ya WNBA. Zawadi ambayo ligi humpa kila mwaka mchezaji mwenye mwenendo wa haki na heshima uwanjani iliitwa kwa jina lake, na inaitwa hivyo hadi leo.

Houston walichukua pia kikombe cha nne, mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata walitolewa na Los Angeles, na Mabika akapata ubingwa wake wa kwanza kati ya miwili. Mwaka wa 2008, akikaribia mwisho wa kazi yake Marekani, binti huyo wa Kinshasa alihamia Comets, akavaa jezi ya timu ambayo Kim alikuwa ameiongoza miaka kumi kabla. Ulikuwa msimu wao wa mwisho. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, kwa kukosa mnunuzi, timu ilifungwa.