Bwana Coué na Uzi wa Mafundo Ishirini

Leo napenda kuwasimulieni maisha ya Bwana Émile Coué, Mfaransa aliyefariki zamani, mwaka 1926. Jina lake sikulipata katika somo la historia. Nilimjua kwa sababu ya kucha zangu.

Tangu utoto nilikuwa na mazoea mabaya ya kutafuna kucha. Nikisoma, kidole kimo kinywani. Nikingoja matokeo ya mtihani, kidole kimo kinywani. Kucha zilipokwisha nilitafuna nyama ya pembeni mpaka damu ikatoka. Nilipokwenda kuwaamkia wazee nilitoa mkono huku nimekunja vidole kwa haya. Nyumbani walinipaka pilipili, nikaizoea. Walinipaka shubiri, nikaizoea nayo. Mara nyingi niliapa kuwa kuanzia kesho sitatafuna tena, na kila nilipoapa nilizidi kutafuna. Wahenga walisema kweli kuwa mazoea yana taabu.

Siku moja mwalimu aliviona vidole vyangu. Hakunicheka wala hakunigombeza, bali aliniazima kitabu kidogo chenye habari za Bwana Coué. Nilikisoma kwa siku mbili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Coué alizaliwa tarehe 26 Februari 1857 katika mji wa Troyes. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na fedha nyumbani hazikuwa nyingi. Kijana alipenda sana elimu ya kemia, lakini alihitaji kazi ya kumpa riziki, kwa hiyo akajifunza kazi ya kutengeneza dawa. Kuanzia mwaka 1882 aliendesha duka la dawa katika mji ule ule wa Troyes.

Dukani humo aliona jambo la ajabu. Alipompa mgonjwa chupa ya dawa bila neno, dawa ilifanya kazi yake ya kawaida. Lakini alipompa huku akiisifu dawa ile, mara nyingi mgonjwa alipata nafuu zaidi. Chupa ni ile ile, na dawa ni ile ile. Basi Coué akawa anajiuliza nguvu ile ya ziada imetoka wapi.

Mkewe, Bibi Lucie, alikuwa mtu wa mji wa Nancy. Huko Nancy, mwaka 1885, Coué alionana na daktari mmoja mzee, Ambroise Liébeault, aliyewatibu wakulima na maskini kwa hipnosi. Wengi wetu tukisikia jambo hili hudhani ni uchawi. Sivyo hata kidogo. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi, nalo lilienezwa na James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester katika miaka ya 1840. Lakini mtu aliye katika hali hiyo halali usingizi wa kweli. Mwili wake umelegea na kutulia, na akili yake imekaza juu ya jambo moja tu, hata maneno anayoambiwa humwingia kwa urahisi. Liébeault alimtuliza mgonjwa kwa sauti ya upole, kisha akamwambia kwamba maumivu yake yanapungua.

Coué alirudi Troyes akajaribu kufanya vile vile. Kumbe si rahisi! Wengine walitulia upesi, wengine walikaa macho wazi wakimtazama tu. Akaiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini hakuacha kufikiri. Mwishowe alifahamu neno moja kubwa: nguvu haiko kwa yule anayesema, iko kwa yule anayelipokea neno na kuliamini. Na ikiwa ni hivyo, mtu aweza kujiambia neno jema mwenyewe, bila kumtegemea mtu wa kumtuliza.

Mwaka 1910 alihamia Nancy, akafungua mlango wa nyumba yake kwa wagonjwa wote, bila kuwatoza hata senti moja. Watu walikuja makundi kwa makundi. Yeye aliwaonya kwamba hakumponya mtu yeyote maishani mwake. Kazi yake ni kuwaonyesha namna ya kujisaidia wenyewe. Wala hakuwakataza kwenda kwa madaktari wao.

Alipenda kuwafundisha kwa mfano wa ubao. Ubao mrefu ukilazwa chini, kila mtu aweza kutembea juu yake bila kuanguka. Ubao huo huo ukiwekwa juu, kati ya minara miwili ya kanisa kubwa, nani atathubutu kupita? Miguu ni ile ile, lakini sasa mtu anajiona moyoni akianguka. Basi Coué alifundisha kwamba nia ikishindana na picha iliyo moyoni, picha ndiyo inayoshinda.

Hapo nikafunika kitabu nikavitazama vidole vyangu. Kila nilipoapa kwa hasira kwamba sitatafuna, nilikuwa najiona nikitafuna!

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Asubuhi mtu aamkapo, na usiku kabla ya kulala, afumbe macho na kujiambia mara 20, kwa sauti ndogo ya kusikiwa na masikio yake tu, kwamba siku kwa siku hali yake inazidi kuwa njema. Ili asisumbuke na hesabu, ashike uzi wenye mafundo 20, aupitishe vidoleni fundo kwa fundo kama tasbihi.

Nilitafuta uzi wa katani nikaufunga mafundo. Usiku, taa za bweni zilipozimwa, nililala chali nikaulegeza mwili: nyayo, miguu, tumbo, mabega, hata taya. Nilivuta pumzi polepole. Kisha nikapita fundo kwa fundo, nikiiona mikono yangu imetulia juu ya dawati.

Juma la kwanza sikuona mabadiliko yoyote. Katika juma la tatu niliona jambo dogo: nilianza kuutambua mkono ukiwa njiani kwenda kinywani. Zamani ulisafiri bila kuniaga. Tena nilijifunza kwamba mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walitangaza njia ya kufaa wakati huo: mtu akiutambua mkono wake, akunje ngumi au ashike kitu mpaka hamu ipite. Basi mchana nilikunja ngumi, na usiku nilishika uzi. Wakati wa mitihani nilianguka, nikatafuna kucha za mkono mmoja zote. Safari hii sikuapa wala sikujilaumu. Nilirudi kwenye uzi wangu.

Coué naye alichekwa. Alialikwa Uingereza, na mwaka 1923 akaenda Marekani, ambako watu wengi walijaa kumsikiliza. Wengine walimdhihaki, wakasema mafundisho yake ni mepesi mno. Ni kweli pia kwamba wako watu waliotumaini mengi kupita kiasi, maana maneno mema hayaui vijidudu vya malaria, na mgonjwa wa malaria sharti apate dawa. Lakini mambo mengine, kama hofu na mazoea, kwao ni moyoni, na huko ndiko alikojua kufika mwuza dawa huyu. Alifariki Nancy tarehe 2 Julai 1926, akiwa na umri wa miaka 69.

Wenzangu, baada ya miezi miwili niliona ukingo mweupe kwenye kila ukucha. Ilinibidi kuazima mkasi kwa jirani yangu wa bweni, maana sikuwa nimepata kuwa na haja nao. Likizo ilipofika niliwaamkia wazee kwa mkono uliokunjuliwa.

Ikiwa nawe una mazoea yanayokutia haya, usipigane nayo kwa hasira. Utulize mwili, ubadili picha iliyo moyoni, na ukianguka urudi tena. Bandu bandu huisha gogo.