Paul Graetz: Alivuka Afrika kwa gari, vipuri vikamchelewesha

MKULIMA wa Ulyankulu ambaye tumbaku yake imewahi kukwama njiani kwa sababu injini ya lori imenoki, anajua kuwa gari ni vipuri. Paul Graetz aliijua adha hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Graetz alizaliwa mwaka 1875 huko Zittau, Ujerumani, akawa ofisa wa jeshi katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Agosti 10, 1907 aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, akielekea Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo.

Wakati huo mizigo ya Unyamwezi ilibebwa na wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Vituo vya mafuta havikuwapo, hivyo mafuta yalitangulizwa njiani. Injini ilipoharibika, alilazimika kusubiri vipuri kutoka Ujerumani kwa miezi kadhaa.

Alifika Swakopmund Mei 1, 1909, baada ya siku 630. Mwaka 1911 alianza tena safari ya kuvuka bara, safari hii kwa boti ya injini. Alifariki mwaka 1968.

Kwa hesabu za biashara, kila siku ambayo gari limelala ni gharama, hata kama halijanywa dizeli. Kabla ya kununua lori au trekta kwa bei nafuu, uliza vipuri vyake vinapatikana wapi na ni fundi gani anayeijua injini hiyo. Kisha tenga fedha za matengenezo mara tu unapouza mazao.