Maria Montessori: Akili Huanzia Mikononi

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Mwaka 1896 alihitimu udaktari Roma, wakati wanawake madaktari walikuwa wachache mno. Kazi ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi waliamini hawafundishiki. Yeye aliwapa vitu vya kushika, nao wakajifunza.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa maskini. Humo mtoto alipapasa ubao laini na ubao wa kukwaruza, akapima kiganjani vibao vizito na vyepesi, akatambua vitambaa akiwa amefungwa macho. Mkono ulijua kwanza, neno likafuata. Alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba maarifa ya binadamu huanzia katika milango ya fahamu. Montessori aliyaonyesha hayo darasani.

Wapendwa, kigango cha Katumba Songwe kisicho na fedha za vifaa bado kina vifaa. Tuna mtungi wa Wakisi na ndoo ya plastiki: mtoto aguse maji ya vyote viwili, agundue kwamba udongo unaopitisha unyevu huyapoza. Tuna pumba za mpunga, ganda la kakao, kokoto za Ziwa Nyasa. Tukimkataza kugusa, atakariri maneno asiyoyajua.