Apolo Kivebulaya: majina matatu na mupaka mumoja

Mutoto wa miaka sita akiulizwa juu ya jana, atajibu. Akiulizwa juu ya mwaka wa 1896, atanyamaza, maana kwake zamani yote ni kitu kimoja. Walimu wa Nizi wanaijua kazi hiyo. Tena batoto wengi wa Djugu wamekimbia vita mara mingi pamoja na bazazi: hawana nyumba ya babu ya kuonyesha, hawana hata picha. Lakini Ituri iko na maisha ya muntu mumoja ambayo mutoto anaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Ni maisha ya Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Boga.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1864 kule Singo, katika inchi ya Buganda. Siku yenyewe haijulikani. Alikuwa pacha, njo maana aliitwa Waswa, jina ambalo Baganda wanampa pacha mwanaume anayetangulia. Ujana wake ulipita katika vita vya dini. Kisha akajifunza kusoma, akabatizwa mwaka wa 1895, akapata jina la Apolo. Kivebulaya lilikuja nyuma. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, juu ya koti nyekundu ya askari aliyokuwa anavaa. Jina moja la kuzaliwa, moja la ubatizo, moja la bantu. Mutoto anayejua kama mama yake hakuitwa Mama Neema mbele ya kuzaa, huyo ameshafahamu kidogo kwamba nyakati zinabadilika.

Mwaka wa 1896 Apolo akavuka Semuliki, akafika Boga. Walimu wawili waliomutangulia walikuwa wameondoka juu ya njaa, sababu chefu Tabaro aliwanyima chakula. Yeye akabaki, akafundisha kusoma, akajenga kanisa. Siku moja dada wa chefu akaanguka juu ya mukuki, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba njo alimuua. Akapigwa, akafungwa minyororo, akapelekwa gereza la Fort Portal. Alipofunguliwa, alirudi Boga kwa bantu wale wale. Nyuma yake Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Katika inchi yenye vidonda, hapo njo pagumu pa somo. Mutoto atauliza juu ya nini alirudi. Mwalimu hapashwi kuficha fimbo wala minyororo. Lakini hapashwi pia kukata hadithi pale kwenye gereza, maana miaka iliendelea.

Apolo alipadirishwa mwaka wa 1903. Mwaka ule ule dhahabu iligunduliwa kule Kilo, na maisha ya eneo la Nizi yakaanza kugeuka.

Boga pia iligeuka bila kuhama. Mwanzoni ilihesabiwa upande wa Toro na Waingereza. Kisha, kwa mapatano ya mipaka yaliyoanza 1910, ikawa ya Congo ya Wabelgiji. Vilima vilibaki vile vile, mito vile vile. Serikali njo ilibadilika. Apolo, aliyekuja sawa mujirani, akajikuta mugeni katika koloni ingine. Hata hivyo alirudi kuishi kule, na kuanzia 1921 akaingia katika pori kubwa kufundisha Bambuti. Injili ya Marko ikatafsiriwa katika luga yao.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe akielekezwa magharibi, upande wa pori, kinyume cha desturi, kuonyesha kwamba kazi haijaisha. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya Anglikana.

Ili batoto wayaone maisha hayo, kamba moja inatosha. Fundo moja ni miaka kumi. Kutoka kuzaliwa kwa Waswa mpaka kaburi lake, ni mafundo karibu saba. Mbele kidogo inakuja 1960, uhuru. Mbali zaidi inakuja 2015, Ituri kuwa jimbo. Na kwenye incha, karibu kabisa na mukono wa mutoto, fundo dogo la mwaka aliozaliwa yeye. Hapo anaona kwa macho kwamba zamani haikuwa siku moja, na kwamba kamba ingali inaendelea.