Mwalimu Nyerere na saratani inayojificha ndani ya mfupa

Ukiwa Tunduma ukaona reli ya TAZARA ikivuka kuingia Zambia, hiyo ni mojawapo ya kazi za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafundisha Pugu, akaongoza TANU tangu 1954 hadi uhuru wa 1961. Reli ilianza kujengwa mwaka 1970. Aliacha urais mwaka 1985, na miaka yake ya mwisho akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi.

Mwaka 1998 aligundulika kuwa na saratani ya damu, aina inayokwenda polepole iitwayo lukemia sugu ya limfosaiti. Hata hivyo aliendelea na usuluhishi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas', London, akiwa na miaka 77.

Kwa nini ugonjwa huu ni mgumu kuumaliza? Ndani ya mifupa yako kuna uboho, sehemu laini inayotengeneza damu. Seli za saratani zikikaa humo, na kwenye tezi za limfu, seli jirani huzipa ishara za kuendelea kuishi na kuzikinga dhidi ya dawa. Damu inaweza kuonekana safi, kumbe mbegu imebaki mfupani, na ugonjwa ukarudi.

Siku hizi kuna vidonge vinavyokata ishara hizo, kama ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Seli hutoka mafichoni na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mwanzoni idadi yake inaweza kupanda wakati tezi zinapungua. Mgonjwa asishtuke, wala asiache dawa bila kumwuliza daktari. Mwalimu hakuzikuta dawa hizi.

Nawe jiangalie. Uchovu usioisha, homa za mara kwa mara ingawa kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, kupungua uzito, jasho jingi usiku, tezi zilizovimba shingoni au kwapani, au kutokwa damu ovyo: dalili hizi si lazima ziwe saratani, lakini zinahitaji kipimo. Nenda kituo cha afya ukaombe kupimwa picha kamili ya damu. Kukiwa na shaka, utapewa rufaa. Ukipewa, usiiweke kabatini. Nenda nayo mapema.