George Vancouver, nahodha aliyefuata kila mkono wa bahari mpaka mwisho

Wengi wetu tunajua Vancouver kama mji mkubwa wa Kanada, upande wa magharibi. Wachache wanajua kwamba ni jina la mtu: baharia Mwingereza aliyeumaliza mwili wake kwa kutafuta njia ambayo haikuwepo.

George Vancouver alizaliwa tarehe 22 mwezi wa sita 1757, huko King's Lynn, Uingereza. Akiwa bado kijana mdogo aliingia katika merikebu ya nahodha James Cook, akasafiri naye katika safari mbili. Hapo ndipo alijifunza kupima bahari na kuchora ramani.

Wakati ule, wafanyabiashara wa Ulaya walitumaini kuwa kuna njia ya maji inayokata Amerika ya Kaskazini kutoka bahari moja hadi nyingine. Kama ingepatikana, safari ya kwenda China ingekuwa fupi sana. Mwezi wa nne 1791, serikali ya Uingereza ilimtuma Vancouver na merikebu mbili, Discovery na Chatham. Moja ya kazi zake ilikuwa kumaliza swali hilo.

Siku 11 ndani ya mashua

Pwani ile si ya mchanga. Bahari inaingia katikati ya milima kama mikono mirefu na myembamba, na kuta za mawe zinasimama wima pande zote mbili. Merikebu kubwa haiwezi kuzunguka vizuri humo: upepo unageuka ovyo, na maji ni marefu hata karibu na ukingo, nanga haifiki chini.

Kwa hiyo, tarehe 12 mwezi wa sita 1792, Vancouver aliacha merikebu zake mahali salama. Yeye na luteni Peter Puget wakaondoka kwa mashua mbili za makasia na tanga, wakiwa na chakula cha juma moja tu.

Kesho yake waliingia katika ghuba aliyoiita Burrard. Wenyeji wapatao 50 walikuja kwa mitumbwi, wakawapa samaki waliopikwa, nao wakapewa vyuma. Kupata mahali pa kulala ilikuwa shida. Usiku mmoja vijana walilala juu ya mawe ya ukingo. Maji ya bahari yakapanda, na mmoja wao alikaribia kuchukuliwa akiwa usingizini.

Siku chache baadaye waliingia katika mkono wa Jervis, wenye urefu wa makumi ya kilometa. Rangi ya maji ilikuwa imebadilika na chumvi ilipungua, wakaanza kutumaini. Lakini mwisho wake walikuta bwawa la matope chini ya milima. Ilibidi kurudi njia ileile, kwa makasia, chakula kikiisha.

Tarehe 22, siku aliyotimiza miaka 35, alikutana na merikebu mbili za Wahispania. Wakamwonyesha ramani: sehemu ya pwani ile walikuwa wameishaipima. Iliumiza, lakini alikubali kufanya kazi pamoja nao kwa muda.

Gharama ya jibu

Kazi iliendelea hivyo miaka mitatu. Mwaka 1793 baharia wake John Carter alikufa kwa kula kome wenye sumu. Mwezi wa nane mwaka huohuo, Watlingit walishambulia mashua yake. Mabaharia wawili walijeruhiwa kwa mikuki. Ilipofika 1794, jibu lilikuwa wazi: katika pwani ile hakuna njia.

Alirudi Uingereza 1795 akiwa mgonjwa. Hakupokelewa kwa shangwe. Thomas Pitt, kijana wa ukoo mkubwa aliyeadhibiwa na kufukuzwa merikebuni, alimshambulia barabarani mjini London. Vancouver alikufa mwezi wa tano 1798, akiwa na miaka 40, kabla ya kumaliza kitabu chake. Kaka yake John ndiye alikimaliza.

Mwaka 1886, mji mpya kando ya ghuba ya Burrard ulipewa jina lake. Lakini kama vile Kisangani ilivyokuwapo kabla ya kuitwa Stanleyville, ghuba ile pia ilikuwa na wenyewe. Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh wangali wanaishi hapo mpaka leo.